Habari, Amri na Lazima: Dhamira Tegemezi ya Kiajemi kwa Msemaji wa Kiswahili

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao wiki hii mmenirudishia mazoezi yenu ya Kiajemi yakiwa na alama za kuuliza nyingi kuliko majibu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo vitabu vya sarufi ya Kiajemi huliita vajh-e eltezāmi, na sisi katika sarufi yetu huliita dhamira tegemezi. Naomba tuanzie kwenye sentensi hiyo hiyo niliyoitamka sasa hivi. Nimesema "nimeombwa nizungumze". Sikusema "nimeombwa ninazungumza", na sidhani kama kuna mtu humu ukumbini aliyewahi kukalishwa chini na mzazi wake afundishwe asiseme hivyo. Ile irabu e iliyokaa mwishoni mwa "nizungumze" imetosha kuwaarifu kwamba mazungumzo hayo bado si jambo lililokwishatokea, bali ni jambo linalotakiwa, linaloombwa, linalosubiriwa. Kazi ambayo sisi tunaifanya mwishoni mwa kitenzi kwa irabu moja, Waajemi wanaifanya mwanzoni kwa kiambishi kimoja, be-. Husema miravam, yaani "ninakwenda", kisha husema beravam, yaani "niende". Mkiikubali sentensi hii moja, sehemu kubwa ya hofu niliyoiona katika madaftari yenu itakuwa imeondoka.

Nianze na majina, kwa sababu majina haya yana jambo ambalo mwanafunzi anayejifunza Kiajemi kwa kupitia Kiingereza hawezi kuliona, na sisi tunaliona bila ya kamusi. Wanasarufi wa Iran wanazitaja dhamira 3 za kitenzi: ekhbāri, amri na eltezāmi. Ekhbāri imetokana na khabar ya Kiarabu, ambayo ndiyo habari yetu. Amri ni amri, haina hata haja ya kutafsiriwa. Eltezāmi nayo imetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa lazima. Kwa hiyo kitenzi cha Kiajemi kinatoa habari, au kinatoa amri, au kinasimama upande wa mambo ambayo bado yamefungwa na jambo jingine: yamefungwa na matakwa, na hofu, na sharti, na ulazima. Nilipofundishwa maneno hayo kwa mara ya kwanza niliyaandika ubaoni kichwani mwangu kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo sikuhitaji tena kukariri orodha ya matumizi. Kila nikisita hujiuliza: je, hapa natoa habari? Ikiwa natoa habari, nasema mi-. Ikiwa sitoi habari, nasema be-.

Umbo lenyewe si gumu. Chukua shina la wakati uliopo, tanguliza be-, kisha malizia kwa viambishi 6 vya nafsi: beravam, beravi, beravad, beravim, beravid, beravand, niende, uende, aende, twende, mwende, waende. (Hiyo ā nitakayoitamka katika maneno mengine ni a ndefu, inayokaribia o ya kwetu.) Kinachowasumbua wanafunzi ni shina, wala si kiambishi, kwa sababu shina la wakati uliopo mara nyingi halifanani na jina la kitenzi: raftan ni kwenda lakini shina lake ni rav, didan ni kuona lakini husemwa bebinam, nione, goftan ni kusema lakini husemwa beguyam, niseme. Hapo hakuna njia ya mkato. Kila mnapoandika kitenzi kipya katika daftari, andikeni na shina lake pembeni, kama vile mgeni anayejifunza Kiswahili anavyolazimika kuandika kila nomino pamoja na wingi wake. Vitenzi vingi vinavyoanza na irabu huchukua bi- na kuingiza y, hivyo āmadan, kuja, huwa biyāyam, nije. Vitenzi vya maneno 2, ambavyo katika Kiajemi ni vingi mno, mara nyingi huiacha be- kabisa: kār konam, nifanye kazi, husikika kila siku, na kār bokonam, ambamo be- hutamkwa bo-, pia husikika, wala hakuna atakayekukosoa kwa lolote kati ya hayo.

Kwenye ukanushi ndipo pa kuangalia kwa makini. Katika habari, Mwajemi husema nemiravam, "siendi". Katika dhamira tegemezi, na- inaifukuza be- na kukaa mahali pake: naravam, "nisiende". Zote mbili haziwezi kukaa pamoja. Anayesema naberavam amefanya kosa lile lile la mgeni anayesema "haaende" akitaka kusema "asiende". Sisi nasi tuna ukanushi wa aina mbili, ha- (au si- ya "siendi") na -si- ya "nisiende", kila mmoja na mlango wake, na hakuna mswahili anayekosea mlango.

Kuna jambo la matamshi ambalo vitabu vingi hulipita, nami sitalipita, kwa sababu linatuumbua sisi hasa. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wa beravam hukaa kwenye be- yenyewe, kama unavyokaa kwenye mi- ya miravam na kwenye na- ya naravam. Wanafunzi wetu husema beRAvam, kwa sauti nzuri ya pwani, na Mwajemi anayewasikiliza huwa amekosa kile alichokuwa akikisubiri mwanzoni mwa neno, kwani kiambishi ndicho kinachomwambia kama ni habari au si habari. Semeni BEravam. Ipigeni be- hiyo kama mnavyoipiga silabi ya kwanza mnapomwita mtu aliye mbali.

Vitenzi 2 vinatoka nje ya kanuni, na vyote ni vya kila siku. Budan, kuwa, hakichukui be-. Husemwa bāsham, bāshi, bāshad, yaani niwe, uwe, awe. Dāshtan, kuwa na kitu, hakiwezi kusimama peke yake katika dhamira hii. Hukiazima kile cha kwanza na kusema dāshte bāsham, "niwe na". Vitabu hulieleza jambo hili kama ajabu ya Kiajemi. Kwa Mswahili si ajabu hata kidogo. Hebu jaribuni kuigeuza "nina" iwe dhamira tegemezi. Haigeuki. Nasi tunalazimika kukiita kitenzi kuwa kije kitusaidie, tuseme "niwe na pesa", kama Mwajemi anavyosema pul dāshte bāsham. Lugha mbili zisizo na nasaba, moja ya Kibantu na moja jamaa ya Kihindi na ya Kigiriki, zimekwama mahali pamoja na zimejikwamua kwa kitenzi kimoja.

Sasa nije mahali zinapoachana, kwa maana hapo ndipo alama zenu za kuuliza zilipo.

Katika miezi yangu ya kwanza mjini Tehran nilikuwa nikienda kununua mkate wa sangak, ule mkate mrefu unaookwa juu ya changarawe za moto na kutolewa tanurini ukiwa bado na vijiwe vimeng'ang'ania chini yake, ambavyo mnunuzi huvikung'uta mwenyewe juu ya meza ya waya. Asubuhi moja, zamu yangu ilipofika, nilisema kwa kujiamini kabisa: mikhāham nān kharidan. Nilikuwa nimeitafsiri "nataka kununua mkate" neno kwa neno, na kharidan kweli ni "kununua". Mwokaji alinielewa, akanyoosha mkono kuchukua mkate. Lakini mzee aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni aliniinamia sikioni na kusema taratibu, kama mtu anayemrekebishia mtoto kola ya shati: mikhāham nān bekharam. Nataka ninunue mkate.

Nimeibeba sentensi ya mzee yule mpaka leo, na ndiyo ninayowapa. Kiswahili sanifu, pale mtendaji wa vitenzi vyote viwili anapokuwa ni yule yule mmoja, hupendelea jina la kitenzi: nataka kwenda, naweza kusoma, najaribu kujifunza, napenda kuimba. Dhamira tegemezi tunaiweka akiba kwa ajili ya mtu mwingine: nataka uende. Kiajemi cha leo hakina akiba hiyo. Awe ni mimi na mimi, awe ni mimi na wewe, kitenzi cha pili huchukua be- na kiambishi chake cha nafsi: mikhāham beravam, nataka niende, mikhāham beravi, nataka uende, mitavānam bekhānam, naweza nisome, sa'y mikonam yād begiram, najaribu nijifunze. Wapo kati yetu ambao mitaani wanasema "nataka niende" na walimu wa shule wakawakosoa. Katika darasa la Kiajemi hao ndio wenye bahati, nami nawasihi wenzao wote waifuate njia yao: kabla hamjatafsiri "nataka kwenda", igeuzeni kwanza moyoni iwe "nataka niende", kisha ndipo mvuke.

Na msije mkaichanganya mikhāham beravam na khāham raft. Ya pili ni "nitakwenda". Waajemi wamekichukua kitenzi khāstan, kutaka, wakakifanya chombo cha wakati ujao, hasa katika lugha ya maandishi, na baada yake hukaa shina la wakati uliopita bila kiambishi chochote. Tusiwashangae, kwa sababu wataalamu wengi wa lugha yetu wanaeleza kwamba -ta- ya "nitakwenda" nayo ni mabaki ya kitenzi taka. Kote pwani ya huku na bara ya kule, watu walianza kwa kutaka jambo na wakaishia kulitabiri.

Mahali pa pili pa kuachana ni kwenye mambo ya shaka. Sisi tukishasema "labda" tunaendelea na kitenzi cha habari kama kawaida: labda atakuja, labda amelala. Kwa Mwajemi, shāyad, labda, ikishatamkwa, habari imekwisha kuondoka mlangoni: shāyad biyāyad. Neno lenyewe lilikuwa kitenzi, likiwa na maana ya kufaa au kustahili, kisha likaganda na kuwa kielezi kisichobadilika kwa nafsi. Ndugu yake bāyad, lazima, lilipita njia hiyo hiyo. Mnao mfano kinywani mwenu: huenda. Ilikuwa enda, ikavishwa hu-, ikaganda, na tazameni kinachofuata baada yake. Hatusemi tu "huenda atakuja". Wengi wetu husema "huenda akaja", kwa maana kitenzi kinakataa kutembea na uso wa habari baada ya shaka. Kila mnapokutana na shāyad, ifikirini huenda, msiifikirie labda.

Jambo hili la shaka lina tawi moja ninalolipenda kuliko yote, na mtanisamehe nikikaa hapo kidogo. Mwajemi husema fekr mikonam miāyad, "nadhani anakuja", kwa kitenzi cha habari, kwa sababu mwenye kudhani ametoa habari, hata kama ni habari dhaifu. Akiikanusha dhana yake, habari inavunjika: fekr nemikonam biyāyad, "sidhani kama atakuja". Tazameni pia sentensi hizi mbili. Kasi rā mishenāsam ke savāhili midānad: namfahamu mtu anayejua Kiswahili. Donbāl-e kasi migardam ke savāhili bedānad: natafuta mtu anayejua Kiswahili. Katika Kiswahili maneno "anayejua Kiswahili" hayakubadilika hata herufi moja. Katika Kiajemi, mtu wa kwanza yupo, ana jina na anwani, na ujuzi wake ni habari. Mtu wa pili bado hayupo, ni mtu wa kutamaniwa, na pengine katika mji ule wote hapatikani. Silabi moja inamwambia msikilizaji kama huyo mtu amekwishazaliwa katika maneno yetu au bado. Nimewahi kusoma tangazo la kazi kwa Kiajemi na nikaijua hali ya mwajiri kutokana na vitenzi vyake: kila sifa iliandikwa kwa be- na bāshad, maana yake hajampata mtu.

Kwa upande wa masharti nitapita upesi. Agar biyāyad ni "akija", sharti lililo wazi. Lakini "angekuja", jambo lililokwisha kushindikana, Kiajemi hakilisemi kwa be-. Hulisema kwa wakati uliopita wenye mi-, agar miāmad. Na "kabla" ya Kiajemi hudai dhamira tegemezi hata kama mambo yote yamekwishapita: qabl az inke beresam, raft, "kabla sijafika, alikwenda". Kwa mtazamo wangu mantiki yake ni ile ile ya "sijafika" yetu: katika saa ile inayosimuliwa, kufika kulikuwa bado.

Mbona sijasema lolote kuhusu dhamira tegemezi ya wakati uliopita, ambayo imewatisha wengi kwenye zoezi la 4? Kwa sababu hiyo mnayo tayari, kiungo kwa kiungo. Bāyad rafte bāshad. Bāyad, lazima, bāshad, awe, rafte, amekwenda. Lazima awe amekwenda. Omidvāram reside bāshand, natumaini wawe wamefika. Mpangilio wa maneno umegeuka, basi. Mwanafunzi aliyelelewa kwa lugha isiyo na "awe amekwenda" atahitaji wiki nzima kulizoea umbo hili, nanyi nawapa mpaka Jumatatu.

Kwa wale watakaofika kwenye maandishi ya kale, nawatahadharisha mapema. Mshairi Ferdowsi alikamilisha utenzi wake mkubwa wa wafalme karibu na mwaka 1010, na Sa'di wa Shiraz aliandika kitabu chake cha Golestan mwaka 1258, na katika Kiajemi cha zama hizo be- haikuwa imefungwa kwenye dhamira tegemezi kama ilivyo leo. Utaiona ikikaa hata juu ya wakati uliopita, beraft, "alikwenda", na utaiona dhamira tegemezi ikisimama bila be- yoyote. Utakutana pia na umbo la dua ambalo leo limebaki katika maneno machache: bād, "na iwe", na kinyume chake mabād. Zende bād ni "aishi", ambalo bado hupigiwa kelele viwanjani na mikutanoni. Kutoka katika mabād limebaki mabādā, na tafsiri yake sahihi haimo katika kamusi zenu bali imo vinywani mwa mama zenu: mabādā biyoftad, "asije akaanguka".

Na hapo tumefika kwenye dua, ambako kwa kweli dhamira hii ndiko inakoishi. Ukimpita mtu anayefanya kazi nchini Iran, awe fundi, karani au mwokaji, humwambii "habari za kazi". Humwambia khaste nabāshid, "msiwe mmechoka", kwa wingi wa heshima hata kama yuko peke yake. Sisi tungesema "pole na kazi", ambayo inakubali kwamba uchovu umekwishafika. Wao wanaomba usifike. Naye hujibu salāmat bāshid, "muwe salama". Ukipewa chai unasema dastetān dard nakonad, "mkono wenu usiume". Katika dakika 5 za mazungumzo ya kawaida dukani unaweza kusikia dhamira tegemezi mara nyingi kuliko katika sura nzima ya kitabu cha sarufi, na hakuna hata mmoja kati ya wasemaji hao anayehisi kwamba amefanya jambo gumu, kama vile nasi hatuhisi lolote tunaposema "Mungu akubariki" au "usiku uwe mwema".

Katika mwaka wangu wa pili kule nilipigiwa simu kutoka nyumbani Tanga alfajiri, nikaambiwa baba yangu amefariki. Bibi mwenye nyumba alinisikia, akapanda ngazi akiwa na kanzu yake ya kulalia na mtandio mkononi hajaujitanda vizuri, akasimama mlangoni. Akasema: khodā rahmateshān konad. Nililisikia kila neno likiingia mahali pake: khodā, Mungu, rahmat, ile ile iliyomo katika rehema yetu, konad, afanye, bila be-, kama vitenzi vya maneno mawili vinavyoruhusu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kisha akaongeza sentensi ambayo sikuwahi kuisoma popote: gham-e ākharetān bāshad. Gham, huzuni, ākhar, ya mwisho, bāshad, iwe. Iwe ndiyo huzuni yako ya mwisho.

Sikujua desturi ya kujibu. Nilikaa kitandani, na kitenzi kikaja chenyewe kabla sijakitafuta, nikamwambia khodā raftegān-e shomā rā ham biyāmorzad, Mungu awasamehe na marehemu wenu pia. Baadaye niligundua kwamba hilo ndilo jibu lao hasa, na kwamba lazima niwe nimelisikia mahali fulani, kwenye foleni au ndani ya basi, likanikaa bila kujua. Bibi yule aliitikia kwa kichwa, akaujitanda mtandio wake, akashuka kunipikia chai.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mazoezi yenu yako mezani pangu, naomba kila mmoja aje alichukue lake.